Boila ya Mama Mkwe Isizime Kabla ya Bima

Jumapili, 5 Januari

Boila ya Mama mkwe imekohoa leo. Nimeisikia kwa masikio yangu. Tulikuwa mezani, nyama ya ng'ombe, viazi, pudingi ya Yorkshire, mchuzi. Huko jikoni lile sanduku linalochemsha maji na kupasha nyumba joto likasema gluu-gluu-gluu kama mtu anayezama. Nikaacha kutafuna. Mama akaendelea kula. Nikamuuliza hiyo nini. Akasema boila, inasaga chakula.

Hana woga huyu mama. Miaka themanini na nne, kifua kibovu, anakaa peke yake hapa Batley kwenye nyumba ya mawe iliyomzidi umri baba yake. Mwenye woga ni mimi. Kwenye familia lazima mmoja awe nao.

Na sababu ninayo. Shemeji Roland alikuwepo. Kaka wa marehemu mke wangu Lorraine. Alikuwa karani wa benki, sasa kastaafu, anakaa Harrogate, mji wa wenye nazo, na anaongea kama Harrogate. Tangu Krismasi kashasema: kitu kimoja tu kikiharibika kwa mama yake baridi hii, anamhamishia kituo cha wazee kule kwake, nyumba inauzwa. Eti kituo kina zulia. Kina piano. Mama akasema yeye hajui piano. Roland akasema si lazima aipige.

Mama akienda Harrogate mimi Jumapili nakwenda wapi? Mezani sikuliuliza hilo. Naliuliza hapa.

Nikatoa wazo. Bima ya matengenezo ya nyumba. Nimeiona kwenye televisheni. Unalipa kila mwezi, kitu kikifa fundi anakuja mbio, mzee hapati baridi. Roland akacheka kwa pua. Akasema bima hiyo ni ya watu wasiojua hesabu, weka hela hiyo hiyo kwenye kopo kila mwezi, boila ikifa unalo kopo. Nikamwambia shemeji, kopo halipokei simu. Mama akasema marehemu Wilf, mumewe, alikuwa anaipiga teke, na teke halilipiwi kwa mwezi.

Gluu-gluu tena. Roland akauliza nini hiyo. Nikasema tumbo langu.

Jumatatu, 6 Januari

Barafu kila mahali. Hakuna kazi. Mimi nabeba matofali na kuchanganya saruji, na saruji ikishikwa na barafu kabla ya kukauka ukuta unaanguka. Msimamizi katurudisha nyumbani.

Nikaenda kwa Mama. Alikuwa kanisani na wenzake wa kufuma. Nikapiga simu ya bima nikiwa jikoni kwake, maana wanataka namba iliyoandikwa kwenye boila. Msichana mpole. Akauliza kama boila inafanya kazi. Nikasema kama saa. Hapo hapo boila ikaanza. Gluu-gluu-gluu! Nikakohoa juu yake. Ikaongeza. Na mimi nikaongeza. Msichana akaniuliza kama niko salama. Nikasema ni kifua, ndiyo maana tunataka joto.

Akauliza kama mwaka huu kuna fundi aliyeikagua. Nikasema yupo. Nani? Nikasema Wilf. Wilf tumemzika zamani. Akaandika Wilf.

Bei si ndogo. Ni kama kununua samaki na chipsi za watu wawili kila mwezi halafu usizile. Sawa. Nalipa mimi. Mama hajui.

Halafu akasema bima inaanza kazi baada ya wiki mbili. Tarehe ishirini. Nikauliza kwa nini. Akasema kuna watu wananunua bima boila ikiwa tayari inaumwa.

Nikasema watu wengine hawana haya.

Jumatano, 8 Januari

Sili vizuri. Wiki mbili! Boila yenye roho ya kuku.

Leo nimeiwekea glasi ukutani nikasikiliza. Inakoroma, inanyamaza, halafu inashtuka. Ikinyamaza naogopa imekufa. Ikishtuka naogopa italipuka. Mama akanikuta sikio ukutani. Akauliza kama majirani wanasema kitu kizuri.

Shida ni Roland. Jumapili anarudi. Lile la tumbo halitapita mara mbili. Nikafikiri nikafikiri, nikapata. Nje ya jikoni kuna bomba jeupe la plastiki, jembamba, linatoa maji ya boila kwenda mtaroni. Limevalishwa sponji nyeusi kama soksi. Sponji inazuia kelele! Nikaikata kwa kisu, nikaileta ndani, nikaijaza pembeni pote pa kabati la boila na nyingine kwenye mlango wake.

Kimya. Kama haipo. Bomba limebaki uchi, lakini bomba ni bomba. Halina mafua.

Nimefurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Halafu nikakumbuka gesi ya sumu. Ile isiyo na harufu. Je, nimeifungia gesi humo? Nikaenda dukani nikanunua kengele ya gesi ya sumu. Ilikuwa ya mwisho, sanduku lake limekwanguka, wakanipunguzia. Nikaitundika juu ya mlango wa jikoni.

Ijumaa, 10 Januari

Aibu. Sijui niandikeje.

Asubuhi nilikuwa namletea Mama mkate. Naingia tu, juu ya mlango, PII! Nikasubiri. PII! Nikapiga kelele gesi, gesi! Mama alikuwa amekaa na nywele zake kwenye vibiringisho, anakula mkate wa kuchoma. Nikamnyanyua. Mzima mzima, kama mfuko wa saruji. Akawa ananipiga kichwani na ule mkate. Nikamtoa hadi barabarani na gauni la kulalia, baridi ile! Nikaita watu wote watoke. Wakatoka. Nikawaambia walale chini. Hakuna aliyelala.

Noreen wa nyumba ya mbele akaja na koti, akamfunika Mama. Mumewe akaingia jikoni, akatoka na kengele mkononi. Akasema, Trevor, ikilia mara moja moja hivi ni betri imekwisha.

Mama akamwambia kila anayepita. Akasema mkwe wake kaokoa mtaa mzima kutoka kwenye betri. Postamani akaambiwa. Mtu wa kuzoa takataka akaambiwa, na alikuwa juu ya gari.

Nikamwambia Mama nisamehe. Akasema hakuna shida, ni muda mrefu hajabebwa na mwanamume.

Ninachoogopa ni mdomo wa Noreen. Noreen anaongea na Roland.

Jumapili, 12 Januari

Noreen kaongea na Roland.

Roland kafika na uso wa benki. Hakuuliza habari ya boila, boila ilikuwa kimya, sponji inafanya kazi, nilikuwa nimejiandaa kwa jambo lingine kabisa. Akasema mama yake mgonjwa wa kifua katolewa nje na gauni la kulalia kwenye barafu. Akasema kama hali ndiyo hii, hakuna haja ya kusubiri kitu kiharibike. Jumamosi anamleta Bi Pickersgill, mkuu wa kile kituo chenye piano, aone nyumba na aone kama mzee anaweza kuendelea kuishi humo.

Mama akasema mzee yupo hapa hapa, anasikia.

Roland akasema Mama, hili ni kwa faida yako. Mama akamwambia hata yeye Roland alipouziwa pikipiki na mjomba wake alisema ni kwa faida ya Mama, na Mama hajawahi kuipanda. Roland akawa mwekundu. Akasimama, akaenda kuegemeza makalio kwenye redieta ya sebuleni kama anavyofanya siku zote akikasirika. Chuma kile cha ukutani kina maji ya moto ndani, na Roland tangu utoto hawezi kufikiri makalio yakiwa na baridi. Lorraine ndiye aliyenitobolea siri hiyo.

Alipokuwa anaondoka akaninong'oneza mlangoni. Shemeji, akasema, Jumamosi nikikuta nyumba ina baridi, mchezo umekwisha.

Nimehesabu: Jumamosi ni kumi na nane, bima ni ishirini.

Alhamisi, 16 Januari

Imekufa.

Jana barafu ilishuka kali, hata mabata wa bwawani walikuwa wanatembea juu ya maji. Leo nimefika kwa Mama asubuhi, nikafungua kabati polepole. Taa nyekundu inawaka na kuzima. Hakuna gluu. Nilikuwa nimeichukia ile gluu, leo ningeilipia.

Nikabonyeza kila kitufe. Nikaipiga teke kama Wilf. Kidole cha mguu kimevimba.

Tarehe kumi na sita. Bima inaanza ishirini. Kumwita fundi mwingine siwezi. Nimesoma yale maandishi madogo: mtu mwingine akiigusa, bima inakufa. Na fundi mwingine mtaa mzima utaona gari lake, na Noreen ana macho kuliko mdomo, na huo mdomo tunaujua.

Mama je? Nikaingia sebuleni. Amekaa, sweta juu ya sweta. Lakini ndiyo kawaida yake. Siku zote anawasha joto saa ya tamthilia yake tu jioni, mchana anasema joto ni la wagonjwa. Sisi watu wa hapa hatusemi tuna baridi. Tunasema hewa imechangamka. Nikamuuliza yukoje. Akasema hewa imechangamka.

Basi hajajua! Nikamwambia joto litachelewa kidogo, maji ya bomba ya mtaa yana matengenezo. Akanitazama. Akasema sawa.

Nimemletea hita ya umeme kutoka kwangu. Nimemwambia naiacha hapa kwa sababu inanipa nafasi ndogo nyumbani. Akasema sawa. Nikashangaa hakubisha. Mama kutobisha ni dalili mbaya. Nimeogopa zaidi.

Ijumaa, 17 Januari

Nimepita kwa Mama asubuhi, mchana, jioni. Kila nikifika nachungulia kwanza dirishani kama anapumua. Mchana alikuwa kafumba macho. Nikagonga kioo kwa ngumi. Akaamka akanionyesha ishara ambayo mwanamke wa kanisani hatakiwi kuijua.

Hita yangu imezima umeme wa nyumba mara mbili. Nyaya za enzi za Wilf. Nikiiwasha hita, birika halichemki. Na Mama birika lake liko moto saa zote, sijui anakunywa chai kiasi gani. Kila nikiingia linafuka.

Nilitaka kumwambia. Nilifika hadi kusema Mama, kuna jambo. Akanikatiza haraka haraka, akasema hata yeye, lakini lisubiri. Akanipa keki ya tangawizi. Mkono wake ulikuwa kama samaki wa dukani.

Nimerudi nyumbani. Lorraine alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Huyu ni mama yake, kifua kile kile. Na mimi nimeifungia baridi kwa siri humo ndani naye, nasubiri tarehe.

Nikachukua simu nimpigie Roland nimwambie yote. Nikashika. Nikaiona piano. Nikaweka chini.

Kesho ni Bi Pickersgill. Nimepata mpango. Sebuleni tu ndiko watakaa. Roland akikasirika ataegemea redieta, na atakasirika, mimi nitakuwepo. Basi redieta ile lazima iwe na joto. Nina chupa tatu za mpira za maji ya moto, zile za kulalia. Naziweka juu ya redieta, nafunika taulo kubwa kama zimeanikwa nguo. Roland anaegemea, anasikia joto, anatulia. Kichwa ninacho, shule ndiyo ilinikosa.

Jumamosi, 18 Januari

Nimefika mapema na chupa ndani ya koti. Mama yuko jikoni, birika linafuka. Nikaenda moja kwa moja kwenye redieta. Taulo kubwa lilikuwa tayari limeanikwa. Nikasema bahati. Nikalinyanyua.

Chini yake kulikuwa na chupa mbili za mpira. Moto. Zimevalishwa visweta vya kufuma, kimoja cha kijani, kimoja cha zambarau chenye vifundo.

Nikasimama pale na chupa zangu tatu kama mtu aliyemkuta mwizi mwenzake ndani ya duka. Nikageuka. Mama yuko mlangoni na ya tatu mkononi.

Akasema we Trevor, umejua lini? Nikasema Alhamisi asubuhi, na yeye je? Akasema Jumatano jioni, tamthilia ilipoanza. Tangu hapo analala na koti na kofia ya kanisani. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliogopa nitapata kihoro nimwambie Roland. Akaniuliza mimi kwa nini sikumwambia. Nikasema nilidhani hajaona.

Akasema, mwanangu, mimi ni mzee, sijawa gogo.

Akakaa chini. Nikaiona midomo yake ilivyo ya bluu. Akasema anaogopa sana kile kituo. Amesema neno hilo, anaogopa. Miaka yote hii sijawahi kulisikia kwake. Eti kule wanakuamulia hata saa ya kuwa na njaa. Nikamwambia bima inaanza Jumatatu. Akauliza bima gani. Nikamwambia. Akasema kumbe. Nikadhani atanitukana. Akasema weka na zako, zikae sita.

Kengele ya mlango. Hatukufunga vifuniko vizuri. Ndiyo kosa lenyewe.

Bi Pickersgill ni mwanamke mnene mpole mwenye sauti ya kubembeleza. Hakuvua koti. Mama akamimina chai haraka. Mimi nikazungumzia hewa. Roland akamuuliza Mama kwa nini ndani kuna ubaridi. Mama akasema ubaridi uko kwake. Roland akakasirika. Akasimama. Akaenda. Akaegemea.

Kwa muda kidogo uso wake ulitulia, haki ya Mungu, mpango ulifanya kazi. Akasema naam, redieta iko sawa. Halafu akajisukuma vizuri, kama anavyofanya, na kitu kikasema plopu.

Maji yakamwagika yote. Suruali yake ya kijivu ikawa nyeusi kuanzia mkanda hadi soksi. Akaruka akapiga yowe. Bi Pickersgill akainuka taratibu, akamshika mkono. Akamwambia asione haya, kwake wako wengi. Akamuuliza tatizo hilo limeanza lini. Roland akafoka kwamba ni maji! Bi Pickersgill akasema ndiyo, mpenzi, wote husema ni maji. Akamuuliza umri wake, kama anaishi peke yake. Akampa kile kitabu chenye picha ya piano.

Mama alilazimika kwenda jikoni. Nilimsikia anacheka hadi akakohoa. Akakohoa sana. Nikaacha kucheka.

Roland akalivuta taulo. Chupa zikaanguka moja baada ya nyingine, na visweta vyake. Akaweka kiganja kwenye chuma. Barafu. Akanitazama mimi, si Mama. Akasema Jumatatu saa sita mchana anakuja na gari kubwa. Nikamwambia Jumatatu fundi anakuja. Akasema basi tutaona nani anatangulia.

Jumapili, 19 Januari

Nilitaka Mama aje kwangu alale penye joto. Kakataa. Akasema ukitoka kwenye nyumba yako siku kama hii, hurudi. Nikalala sebuleni kwake kwenye kiti, na buti.

Leo tumekula supu jikoni, jiko la kuokea wazi, tumekaa mbele yake kama paka wawili. Akaniuliza hiyo bima nalipa kiasi gani. Nikamwambia. Akaacha kijiko. Akasema hiyo siyo bima ya boila, Trevor. Boila haina habari. Unalipia woga wako.

Nikasema na ni haki yangu, woga ninao mwingi.

Akasema kopo la Roland nalo ni woga, tofauti yake lina mfuniko.

Hakucheka baada ya hapo. Akawa anatazama dirishani, gari lolote likipita anainua kichwa. Furushi la nguo zake limewekwa ngazini. Nimeuliza ni la nini. Akasema kama itabidi, hataki Roland ndiye amfungie nguo za ndani.

Jumatatu, 20 Januari

Tarehe ishirini! Nimepiga simu kabla hawajafungua. Nimepiga walipofungua. Nikawaambia mzee, kifua, baridi. Wakasema kwa wazee wanafanya haraka. Nilitaka kumbusu yule msichana.

Fundi kafika saa nne na nusu. Anaitwa Gledhill, mzito, mafua, mwenyewe anaonekana anahitaji bima. Mama akamkaribisha chai. Hapa fundi hagusi kitu kabla ya chai, na Mama hampi mtu kikombe bila sahani na biskuti. Nilikuwa nataka kulia. Gledhill akanywa. Akasifu biskuti. Mama akamwongeza. Wakagundua wote wawili walimjua mchinjaji mmoja wa Dewsbury. Mchinjaji kafa. Wakamsikitikia. Saa tano na nusu! Nikawa nazunguka meza. Gledhill akauliza kama nina haja ndogo.

Gari kubwa likasimama nje. Roland, na suruali mpya. Kaleta maboksi matupu, akayapanga ukumbini bila neno.

Ndipo Gledhill akafungua kabati. Akavuta kipande cha sponji, akakitazama. Akavuta kingine. Kikatoka kirefu. Akauliza hiki nini. Nikasema sijui. Akaenda nje. Tukamfuata wote, Mama na blanketi. Akalitazama lile bomba jeupe. Akaligonga. Halikulia. Ndani limejaa barafu tupu.

Akaomba birika. Siyo lenye kuchemka, la vuguvugu tu. Akamimina juu ya bomba, polepole. Tukasimama. Nikaomba Mungu, nikamwomba na Lorraine. Kitu ndani ya bomba kikapasuka kak, maji machafu yakateleza mtaroni. Akaingia ndani, akabonyeza kitufe kimoja.

Vuuu.

Sijawahi kusikia sauti nzuri hivyo. Mama akashika mkono wangu, akakaza.

Gledhill akasema boila ni nzima, ina miaka mingi bado, gluu ni uchafu wa uzee tu. Bomba la nje ndilo liliganda, na boila haikubali kufanya kazi maji yake yasipotoka. Akauliza nani kalivua sponji kwenye baridi kama hii.

Roland akanigeukia. Miaka thelathini kwenye ujenzi, kila baridi nawaona watu wanayavalisha mabomba hayo.

Mama akasema, mbweha.

Gledhill akasema mbweha? Mama akasema wapo wengi huku nyuma, wakubwa. Gledhill akatazama pale palipokatwa, pamenyooka kama keki ya harusi. Akasema mbweha mwenye kisu. Mama akasema ndiyo, ndiyo maana haendi nje usiku.

Halafu pigo. Gledhill akasema bomba lililoganda kwa baridi halimo kwenye bima. Imeandikwa kwenye yale maandishi madogo. Na safari ya fundi inalipiwa. Na wangependa kuongea na huyo Bwana Wilf aliyeikagua. Roland akacheka hadi akajishika kwenye maboksi. Akasema kopo, shemeji! Ningekuambia bure, birika la maji! Nikamwambia basi mbona hukusema Jumamosi, ulikuwa na maji mengi.

Redieta ikaanza kupata moto. Roland, hakujijua, akaenda akaiegemea. Mama akamwachia joto liingie kwanza. Halafu akasema Roland, nyumba ina joto, chukua maboksi yako. Roland akasema sawa, leo ina joto, lakini nani atakuwepo kesho? Nani atakaa na wewe?

Mama akasema Trevor anahamia chumba cha nyuma.

Mimi ndiyo nalisikia hapo.

Roland akasema yaani huyu akuangalie wewe? Mama akasema hapana. Mimi nimwangalie yeye. Umemwona? Mtu huyu hawezi kuachwa peke yake na kisu.

Roland akanitazama toka buti hadi kichwani, akaanza kukusanya maboksi yake. Nikamshikia mlango. Nadhani ni mara ya kwanza tangu namjua hatukupingana.

Jumamosi, 25 Januari

Nimehamia. Nimekubali kwa ajili ya Mama tu, mzee lazima awe na mtu wa kumlinda. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Lorraine alipokuwa msichana. Karatasi za ukutani bado zina farasi. Mama kaniwekea chupa ya moto kitandani, yenye kisweta cha zambarau. Saa ya kula ananiita. Jana nilikuwa sina njaa nikala tu.

Bomba nimelivalisha sponji mpya. Mama alisimama dirishani akinitazama mpaka nilipomaliza, kisha akaomba kisu.

Leo nimepiga simu ya bima niifute. Nilikuwa na hasira, nimeandika maneno makali mkononi niyasome. Msichana yule yule. Mpole. Akaniuliza Mama anaendeleaje na kifua chake. Nikamwambia vizuri. Akaniuliza na kifua changu mimi. Nani mwingine kaniuliza? Tukaongea. Akasema kuna ile kubwa zaidi, inabeba mtaro, nyaya, funguo zilizopotea na nyigu. Nyigu! Sikuwa nimewafikiria nyigu. Mzee wa miaka themanini na nne na nyigu! Nimechukua.

Halafu nikaikumbuka nyumba yangu. Imefungwa, haina moto, na redio inasema barafu inarudi. Mabomba yangu! Nikamwomba aniandikie na hiyo. Akasema wanaweza, inaanza baada ya wiki mbili, ila nyumba isiwe tupu, lazima iwe na mtu anayekaa humo na kuiangalia.

Nikamwambia ina mtu. Tena mtu mwangalifu.